Mashine Iliyovuta Moshi

Kutoa harufu ya moshi ndani ya mashine moja kumenigharimu shilingi elfu thelathini na nne na mia tatu. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nikahesabu tena, maana hesabu ya mara moja ni ya watu wenye mshahara, nikapata elfu thelathini na nne, mia sita na hamsini. Ile mia tatu na hamsini iliyozidi ni ya ubani, na ubani nilikuwa nimeuruka kwa makusudi. Nitaueleza ukifika wakati wake. Marobota mawili ya mitumba yaliyoungua sijayatia humo. Hayo yako kwenye daftari lingine ambalo silifungui. Na harufu yenyewe, kwa maoni ya mtu mmoja tu ambaye maoni yake ndiyo yenye uzito, haijatoka.

Mtu huyo ni mama yangu. Nyumbani tunamwita Mwaitu, kama Wakamba wengine wanavyoita mama zao. Alipika kwa kuni kule Masii zaidi ya miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, na mapafu yake yakaweka kumbukumbu ya kila sufuria. Miaka miwili iliyopita daktari alisema hewa ya kawaida haimtoshi tena. Mimi na ndugu yangu mdogo tukachanga, tukanunua mashine ya oksijeni, kitu chenye ukubwa wa debe, chenye magurudumu manne na kelele ya mtu anayekoroma kwa adabu. Nikamleta Mwaitu kwangu Machakos, kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu ng'ambo kidogo ya mji, kwa sababu stima ya huku hupotea mara chache kuliko ya Masii. Mara chache, lakini hupotea.

Mimi nauza nguo sokoni. Ili nisilipe stoo, nilikuwa naweka marobota chumba cha nyuma. Nguo za kamera, yaani zile safi zinazogombaniwa robota likifunguliwa, sizipeleki sokoni bila pasi. Blauzi ya mia na hamsini ikipita kwa pasi inakuwa ya mia mbili na themanini, na sijaona pasi inayokula mia na thelathini ya stima kwa blauzi moja. Kwa hesabu hiyo ilikuwa biashara nzuri.

Siku ya moto, saa tatu asubuhi, stima ilipotea nikiwa katikati ya mkono wa blauzi. Nikaiacha pasi pale pale juu ya blanketi, imelala kifudifudi, waya ukiwa ukutani. Nikamtoa Mwaitu barazani kwenye jua, nikamwekea ule mtungi wa akiba wa oksijeni, mpira puani, simu mapajani, chai pembeni. Nikaenda sokoni.

Saa saba stima ikarudi. Stima ikirudi haibishi hodi. Iliwasha pasi. Iliwasha pia mashine ya Mwaitu chumbani kwake, kwa sababu swichi yake tulikuwa hatuizimi, ili umeme ukirudi ianze yenyewe bila mtu kuinama. Huo ulikuwa mpango wangu pia. Nilijisifu nao kwa watu. Sasa, mashine hii haitoi oksijeni kwa miujiza. Inavuta hewa ya chumba, inaichuja, inakupa ile inayofaa. Kwa hiyo chumba cha nyuma kikawaka, nailoni na polista za watu wa ng'ambo zikageuka moshi mweusi, moshi ukapita chini ya mlango, na mashine ya mama yangu ikakaa pale ikiuvuta, pumzi baada ya pumzi, kama ilivyofundishwa. Ilivuta kama dakika ishirini, mpaka jirani alipozima swichi kubwa ya nyumba.

Majirani walimaliza moto kwa ndoo. Bahati yetu ilikuwa siku ya maji kufika bombani. Ingekuwa kesho yake, nisingekuwa na baraza. Chumba cha nyuma kiliisha. Vile vingine viwili vilibaki, vyeusi kuanzia dari hadi usawa wa kiuno. Mwaitu walimbeba na kiti chake, na mtungi wake, wakamweka chini ya kivuli cha ukuta wa jirani. Nilipofika alikuwa ananiangalia tu. Ningefurahi angenitukana.

Harufu ya nguo za nailoni zilizoungua si kama harufu ya kuni. Ya kuni ukioga inakuacha. Hii inaingia kwenye kitu na kulala humo, halafu kitu kikipata joto inaamka. Televisheni ilikuwa haina neno ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, ikapata moto, unadhani jirani anachoma tairi. Redio ya Mwaitu, ambayo huishi nayo kitandani ikimsomea vifo na bei za ng'ombe kwa Kikamba, ilinuka kila mtangazaji alipofungua mdomo.

Nilianza na redio kwa sababu ndiyo ya bei ndogo kuharibu. Nikatoa betri, nikafungua kifuniko kwa kisu, nikapangusa masizi kwa brashi kavu ya rangi, halafu pamba yenye spiriti kidogo, pole pole, bila kusugua. Nikaponda mkaa, nikautia kwenye soksi mbili, nikaweka soksi na redio ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kila baada ya siku tatu nilibadilisha mkaa. Siku ya tisa nilimpa Mwaitu. Alinusa kushoto, akanusa kulia, akaiweka sikioni.

"Hii imepona," akasema.

Hapo nikajiona daktari. Kama redio ya mia nane imepona kwa mkaa wa ishirini, mashine itanishindaje?

Lakini mashine huwezi kuitia kwenye ndoo ukasubiri siku tisa. Mwaitu anaihitaji saa kumi na tano kila siku. Tuna kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Akiwa nayo kinasoma tisini na mbili, bila chochote kinasoma themanini na tatu, na daktari alituambia chini ya themanini na nane tusizoee. Mimi humpima mara mbili, kidole cha kulia na cha kushoto, tukachukua ile kubwa kwa ajili ya moyo na ile ndogo kwa ajili ya kazi. Ikiwa haifanyi kazi anaishi kwa mtungi. Mtungi mmoja, tukiubania, unafika siku mbili. Kuujaza ni elfu moja mia nane. Mimi nalipa elfu moja mia sita, na yule anayejaza hanisalimii tena.

Kwa hiyo sikuwa nimengoja redio ipone: siku ya pili tu baada ya moto, ikiwa bado ndani ya ndoo, niliipeleka mashine kwa fundi mjini. Ni kijana anayetengeneza vitu vya zahanati: mizani, vipimo vya presha, na mashine kama hii. Aliizunguka mara moja.

"Elfu tisa," akasema.

"Ya kuniuzia au ya kutengeneza?"

"Mama, hii ni mashine ya hospitali, si blenda."

"Ndiyo maana nimekuja kwa heshima. Elfu nne."

"Kwa elfu nne nakufungulia skrubu, unafunga wewe."

"Elfu tano na televisheni ndani."

"Televisheni? Televisheni imeingilia wapi?"

"Iko hapo nje kwa boda."

Alicheka, na mtu akicheka tayari ameshuka elfu moja. Tukapatana elfu sita, televisheni ndani, filta mpya nje. Kabla hajashika bisibisi akaniuliza, "Baada ya moto uliiwasha?"

"Kidogo tu. Nione kama ni nzima."

"Nyinyi wote husema kidogo." Akatikisa kichwa. "Masizi ya nailoni yana asidi, mama. Yanakula shaba. Yakipata unyevu yanapitisha umeme mahali haukuitwa. Kitu kikitoka kwa moto hakiwashwi. Kinafunguliwa, kinapanguswa, kinakauka, ndiyo unakijaribu."

Akaifungua. Ile filta ya sponji ya nje ilikuwa imegeuka kitu kama mkate uliosahauliwa. Ya ndani, ambayo huwa nyeupe, ilikuwa na rangi ya barabara. Nilikaa kwenye stuli nikaiangalia muda mrefu. Kila doa pale lilikuwa la kuingia kifuani mwa Mwaitu kama ningekuwa nimemwacha chumbani. Hilo sikumwambia fundi, angepandisha bei.

Alifanya kazi nzuri, namsifu bila punguzo. Alipuliza vumbi, akapangusa saketi kwa spiriti, akaosha ganda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akabadilisha mipira yote ya ndani. Filta mbili mpya, elfu mbili mia nne. Akaweka kipimo kwenye tundu la kutolea hewa. Kikasoma oksijeni asilimia tisini na tatu.

Nyumbani Mwaitu alivaa mpira puani, akavuta mara tatu, akautoa.

"Bado iko na harufu ya moshi."

"Mwaitu, ni mpya ndani. Hata filta ni mpya."

"Mimi sijasema ni kuukuu. Nimesema inanuka."

Siku hiyo na ya pili yake aliivumilia, saa mbili, saa tatu, halafu anautoa mpira anauning'iniza kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyemaliza kula. Nikadhani ni ukuta unaonuka, nikapaka rangi. Nikadhani ni mapazia, nikayafua kwa magadi. Kibanio kikawa kinasoma themanini na saba, themanini na sita.

Sasa ubani.

Jirani yangu wa kibanda sokoni ni mwanamke wa Kiislamu wa asili ya Kisomali. Baba yake alikuja zamani na biashara ya ng'ombe, yeye amezaliwa hapa hapa, anauza mashuka na mapazia, na Kikamba chake cha kukataa bei ni kizuri kuliko changu. Yeye hupita ukajua amepita. Nguo zake hunukia kwa uunsi, ule ubani wao uliochanganywa na sukari na marashi.

"Dada," akaniambia, "wallahi unanuka kama choma ya juzi. Nguo unazouza pia. Wateja wako wanakuja kwangu."

"Ndiyo maana hutaki niondoke."

"Sikiliza. Sisi nyumbani tunafukiza. Tia kaa la moto kwenye kijungu, tia uunsi, weka chini ya nguo na mapazia, halafu fungua madirisha. Mia tano."

"Mia tano ya kunipa moshi mwingine? Moshi ninao."

"Huu ni moshi wenye tabia. Mia nne."

Nikamaliza mia tatu na hamsini, akanikopesha na kijungu. Yeye alisema nguo na mapazia. Mashine hakuitaja. Ile ya mashine niliiwaza mwenyewe, njiani, na niliiona kuwa akili. Nilijiambia hivi: moshi mbaya mashine iliuvuta yenyewe, hakuna aliyeupaka. Basi na ule mzuri itauvuta yenyewe. Tena nimeshalipia uunsi. Kuufukizia mapazia peke yake ni hasara.

Nikamtoa Mwaitu barazani na mtungi. Nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikaweka kijungu mbele ya mashine, nikaiwasha. Ikakoroma na kuvuta. Nilisimama pale nikiona wingu likiinama kuelekea kwenye matundu yake, nikafurahi kama mtu anayelisha ndama aliyekuwa amekataa chupa. Saa nzima.

Jioni nilimwingiza Mwaitu, chumba kikinukia kama arusi. Akavaa mpira. Akavuta. Macho yakamtoka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mwaitu."

"Hii ni harufu ya misa ya maiti. Padri akizunguka jeneza." Akautoa mpira akaushika mbali kama mkia wa panya. "Mimi bado niko hai na nyinyi mmeanza kunifukiza?"

Mimi ni Mkatoliki kama yeye. Nimesimama kwenye misa hizo mara nyingi, nimeona padri akizungusha kile chetezo juu ya sanduku, moshi ukishuka ubavuni. Sikuwa nimekumbuka hata kidogo. Pua yangu ilikuwa imechoka na moshi wa nyumba. Kila harufu ambayo si ya nailoni niliiita nzuri. Usiku ule alilala na mtungi.

Fundi aliponiona tena na mashine mlangoni alinusa kabla sijaishusha.

"Mama, sasa imeenda kanisa?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa. Halafu alipoifungua akaacha kucheka. Filta mpya zilikuwa na utomvu wa njano, zinanata kidole. "Huu ni mafuta," akasema. "Mashine ya oksijeni na mafuta haviingii chumba kimoja. Hata jeli ya mdomo tunakataza. Na ulitia na kaa la moto mbele yake? Wewe una bahati kuliko akili." Sikumjibu kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa bado hajataja bei. Elfu tatu na mia tano, filta tena elfu mbili mia nne. Nilijaribu kushusha. Akaniangalia tu. Ni mara ya kwanza katika umri wangu kulipa bei niliyotajiwa.

Aliosha kila kitu upya. Zile punje nyeupe za ndani zinazochuja hewa, ambazo ndizo moyo wa mashine, akazikagua, akasema moshi haujazifikia, filta zilikufa kwa niaba yake. Kipimo kikasoma tisini na tatu tena. Nikamwambia apime mara ya pili. Tisini na tatu. Tukaiacha ikipumua kibandani kwake siku mbili, mlango wazi, harufu ikaisha kabisa. Akaninusisha. Akamwita muuza matunda wa pale nje akanusa. Hakuna.

Nyumbani sikuiamini pua yangu tena, wala ya fundi, kwa sababu yeye ameshalipwa. Nikakodi pua. Wanawake watatu wa sokoni, chai na mandazi mbili mbili, nikawaketisha barazani na mashine katikati yao.

"Mimi nasikia kiatu kipya," akasema wa kwanza.

"Mimi nasikia hospitali."

Wa tatu, yule mwenye uunsi, akavuta mara mbili macho yakiwa yamefungwa. "Mimi nasikia mandazi. Imebaki moja?"

Mwaitu alikuwa anawatazama dirishani. Akawaacha wamalize chai. Nikamvalisha mpira mbele yao, makusudi, nikidhani ataona haya. Akavuta.

"Moshi," akasema.

Hiyo ni siku tisa zilizopita. Tangu siku hiyo ameikataa kabisa. Tumerudi kwenye mtungi, na nimepunguza hewa inayotoka kwenye geji ili ufike siku mbili na nusu. Siandiki hilo kwa kujivunia. Asubuhi ya leo kidole cha kulia themanini na tano, cha kushoto themanini na nne. Kucha zake zimeanza rangi ile ya zambarau. Akitoka kitandani kwenda barazani anapumzika mara mbili, na ni hatua kumi na nne.

Ndugu yangu anaishi Syokimau, anafanya kazi ya ofisi Nairobi, ana mkopo wa nyumba. Nilimpigia.

"Sista, hiyo harufu iko kwa akili yake."

"Oksijeni nayo anaikosa kwa akili?"

"Mpya ni pesa ngapi?"

"Laki moja na ishirini. Nimeuliza, wanaweza kufika laki na kumi."

Akanyamaza. Najua kunyamaza kwake. Ni kule kwa mtu anayeangalia salio. Halafu akaja na mpango. Aje Jumapili na gari, aichukue mashine mbele ya Mwaitu, aseme anaenda kuitupa. Fundi ana ganda zima la mashine iliyokufa, la rangi tofauti. Anataka elfu nne. Fundi aivishe ganda hilo, abandike nailoni za upya, ndugu yangu aitie kwenye boksi, airudishe baada ya siku tatu. Mashine mpya.

"Mwaitu atauliza bei," nikamwambia.

"Tutasema laki na ishirini."

"Ataniuliza mbona sikushusha."

"Basi sema laki na kumi. Sista, wewe unadanganya watu kila siku pale sokoni kuhusu blauzi."

"Blauzi mtu anaijaribu kwanza."

Nilikata simu nikiwa nimekubali nusu. Na nusu ile nyingine ningeikubali jioni hiyo hiyo, kama nisingekaa barazani na Mwaitu.

Alikuwa ananyonyoa mkonge wa kusukia kiondo, kikapu cha kwetu, nyuzi tatu, anapumzika, nyuzi mbili, anapumzika. Nikamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mwaitu, mimi nimenusa. Fundi amenusa. Mama watatu wamenusa. Hakuna kitu."

"Wewe husikii?"

"Sisikii."

"Hata siku ile hukusikia."

Alisema bila hasira, kama anavyosema mvua haijafika Katangi. Akaendelea na nyuzi zake.

Kuna jambo sikuliandika nilipokuwa naeleza moto. Niliandika kwamba majirani walimaliza moto na kwamba nilifika. Sikuandika kwamba nilipigiwa. Mwaitu alinipigia saa saba na dakika ishirini na mbili. Simu bado inaonyesha, na nimeiangalia zaidi ya mara mbili. Nilikuwa na mteja wa jaketi. Mimi nilikuwa mia nne na hamsini, yeye mia nne. Nikashika simu kwa bega.

"Nasikia harufu ya kitu kinaungua," Mwaitu akasema.

"Ni majirani wanachoma takataka, Mwaitu. Kaa hapo hapo."

"Si takataka. Ni kama nguo."

"Hakuna kitu. Kaa, nakuja jioni."

Akakaa. Alikaa kwa sababu nilimwambia akae, mita nne kutoka kwenye mlango wa nyumba, na mtungi wa oksijeni miguuni. Jirani aliona moshi juu ya mabati dakika kumi na moja baadaye. Jaketi niliuza mia nne na hamsini.

Kwa hiyo nina mama ambaye alisikia moshi peke yake mara moja, nikamwambia hakuna, na nyumba ikawaka. Sasa anasikia moshi peke yake mara ya pili, na mimi nataka kumwambia hakuna. Kipimo kiko upande wangu, fundi, na pua tatu za kukodi. Upande wake kuna siku ile moja tu. Ningekuwa mimi ndiye mnunuzi, ningemwamini yeye.

Nimeigeuza ya ndugu yangu kila upande. Tukimletea boksi, na akavuta, na akasema hii ni safi, basi kidole kitasoma tisini na mbili na nitalala. Tena atajiona alikuwa sawa kuikataa ile nyingine, na pengine hilo ndilo dawa yenyewe. Lakini akivuta ile "mpya" na kusema moshi, nitamwambia nini? Hakuna mpya nyingine baada ya mpya. Na akigundua, kwa sababu huyu ni mwanamke aliyeuza vyondo miaka arobaini na anajua kitu kilichofunguliwa na kufungwa tena, atakuwa ameambiwa uongo kuhusu hewa yake na watu wawili tu aliobaki nao. Njia ya tatu ni kumwomba msamaha wa ile simu, waziwazi, halafu nimwombe avae mpira. Nimeijaribu kinywani mara kadhaa nikiwa peke yangu. Kila mara inatoka kama mtu anayetoa kitu kimoja ili apewe kingine, na yeye atausikia huo upande wa pili kabla sijamaliza.

Basi nawauliza nyinyi mliowahi kuunguliwa na nyumba, au mnaoishi na mtu aliyeunguliwa. Si habari ya mkaa wala spiriti. Hiyo naijua sasa kuliko wengi. Nataka kujua harufu ilichukua muda gani kumtoka mtu, si kitu. Je, iliisha yenyewe, au kuna neno mlilosema? Na kama mmewahi kumpa mzee kitu cha zamani ndani ya ganda jipya kwa ajili ya uhai wake, niambieni kama alikuja kujua, na kama alipojua aliendelea kukitumia. Leo ni Alhamisi. Mtungi uliobaki ni mmoja na mshale uko chini ya nusu. Ndugu yangu ameshasema Jumapili saa nne atakuwa getini na gari, tayari kuibeba mashine. Nimfungulie, au nimwambie aliache gari nje, mashine ibaki, aingie yeye peke yake?